Fujita: Bingwa aliyeusoma upepo kwenye vifusi

NILIKUWA darasa la nne katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, siku upepo ulipoezua ghala la tumbaku mbele ya macho yangu. Tulikuwa watoto watatu tunaotoka shuleni. Mvua ilitukuta njiani, tukakimbilia mlangoni pa ghala. Mzee aliyekuwa akipima mizigo alitufokea tuondoke pale mlangoni, akatusukuma sisi na wapagazi wawili ndani ya kijichumba cha mizani kilichojengwa kwa matofali ya kuchoma, ndani kabisa. Hazikupita dakika tano. Mabati yaliondoka pamoja na kenchi zake kama kifuniko cha sufuria, na ukuta mrefu wa mbele ukalala sakafuni, pale pale tulipokuwa tumesimama.

Hakufa mtu. Jioni ile wazazi wetu, Warundi waliokimbia nchi mwaka 1972, walikuwa na maelezo mengi. Wapo waliosema ni pepo, wapo waliosema ni mkono wa mtu. Yule mzee hakubishana na yeyote. Kesho yake alitupeleka kwenye kifusi, akatuonyesha kwamba kenchi zilikuwa zimelazwa tu juu ya ukuta, hazikufungwa kwa waya wala nondo. Kwake yeye shauri lilikuwa limekwisha.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimerudi Burundi na kufundisha jiografia huku Nyanza-Lac, nilisoma habari za mtu aliyeifanya kazi ile ile ya yule mzee kwa zaidi ya miaka arobaini. Aliingia kwenye vifusi, akaangalia kilichovunjika na kilichobaki, kisha akasema upepo ulipita vipi. Jina lake ni Tetsuya Fujita, Mjapani aliyehamia Marekani. Ninawaletea habari zake, ndugu wasomaji, kwa sababu ushirika wetu unajiandaa kujenga ghala la mahindi na mawese, nami nimo katika kamati ya ujenzi. Katika kikao kilichopita, kitu cha kwanza kufutwa kwenye bajeti kilikuwa nondo za kufungia paa.

Mtoto wa mwalimu

Fujita alizaliwa Oktoba 23, 1920 katika kijiji cha Sone, ambacho leo ni sehemu ya jiji la Kitakyushu, katika kisiwa cha Kyushu nchini Japani. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule. Kijana alipofikia umri wa kwenda chuo, alikuwa na nafasi ya kwenda kusoma Hiroshima, lakini baba alipendelea asome karibu na nyumbani. Alitii, akaingia chuo cha ufundi cha Meiji, akasomea uhandisi wa mitambo, na baada ya kuhitimu akabaki hapo kama mwalimu.

Utii ule ulimwokoa mara ya kwanza. Agosti 6, 1945 bomu la atomu liliiteketeza Hiroshima. Siku tatu baadaye, Agosti 9, ndege ya Marekani ilibeba bomu la pili kuelekea Kokura, jirani kabisa na mahali alipokuwa Fujita. Rubani alikuta anga limefunikwa na mawingu na moshi, asiione shabaha yake, akageukia Nagasaki. Maelfu ya watu wa Nagasaki walikufa siku hiyo, na Fujita, mwenye umri wa miaka 24, akabaki hai kwa sababu ya mawingu.

Haukupita muda mrefu alitumwa pamoja na wenzake kwenda kuchunguza uharibifu katika miji ile miwili. Makaburini aliona vikombe vya mianzi ambavyo Wajapani huwekea maua ya marehemu wao. Vilikuwa vimeungua upande mmoja tu. Kwa kupima upande na pembe ya alama za moto, aliweza kukadiria bomu lililipuka juu ya mahali gani na kwa kimo gani. Aliona pia kwamba miti iliyokuwa chini ya mlipuko wenyewe ilibaki wima, lakini ya mbali kidogo ilikuwa imelala kuelekea nje pande zote, mfano wa miale ya nyota. Picha ile ya nyota ardhini hakuisahau, na ilikuja kumfaa karibu miaka 30 baadaye.

Karatasi ya jalalani

Baada ya vita, Japani ilikuwa maskini na vifaa vya utafiti havikuwapo. Mwaka 1947 Fujita alipanda mlima Seburi kupima upepo na mgandamizo wa hewa wakati wa mvua ya radi. Sote tulifundishwa kwamba wingu la radi hujengwa na hewa ya joto inayopanda. Vipimo vyake vilimwonyesha kwamba ndani ya wingu hilo hilo kuna hewa nyingine inayoshuka kwa nguvu, ikifika chini inatawanyika.

Juu ya mlima huo palikuwa na kituo cha rada cha Wamarekani. Katika takataka za kituo hicho iliokotwa karatasi ya utafiti ya Profesa Horace Byers wa Chuo Kikuu cha Chicago, ikampata Fujita. Akagundua kwamba Byers, mwenye ndege na fedha za serikali, alikuwa amefikia jambo lile lile alilolifikia yeye mlimani kwa vifaa vichache. Alinunua mashine ya kupiga chapa yenye herufi za Kiingereza, akatafsiri kazi yake, akaituma Chicago. Byers alimwalika. Mwaka 1953, baada ya kupata shahada ya udaktari Tokyo, Fujita alivuka bahari.

Mimi niliyesomeshwa nchi ya watu kwa lugha za watu, hapo husimama kidogo kila ninaposoma maisha yake. Kiingereza chake kilibaki na lafudhi ya Kijapani hadi mwisho, lakini michoro yake ilieleweka na kila mtu. Mwaka 1968 alichukua uraia wa Marekani na kujiongezea jina la Theodore. Wengi walimwita Ted tu, na magazeti yakamwita Bwana Tonado.

Tonado ni nini?

Vimbunga tunavyosikia vikipiga Msumbiji na Madagaska huzaliwa baharini, hutanda mamia ya kilomita na hudumu kwa siku kadhaa. Tonado ni kitu kingine. Ni kisulisuli chenye nguvu za ajabu kinachoning'inia kutoka kwenye wingu la radi hadi ardhini. Mara nyingi upana wake ni mita chache tu au mia chache, na huweza kwisha ndani ya dakika kumi. Marekani hupata zaidi ya elfu moja kwa mwaka.

Ugumu wake ni kwamba haipimiki kirahisi. Ukiweka chombo cha kupimia upepo, ama tonado haitapita hapo, au itapita na kukivunja. Fujita aliamua kufuata alama zake. Juni 20, 1957 tonado iliupiga mji wa Fargo, jimbo la North Dakota. Alikusanya picha zipatazo 200 zilizopigwa na wananchi wa kawaida, akazipanga kwa saa na kwa mahali, akaweza kueleza jinsi wingu lilivyobadilika hatua kwa hatua. Baadhi ya majina aliyoyapa sehemu za wingu lile hutumika hadi leo.

Mwaka 1971 alitoa kipimo kilichoandika jina lake katika vitabu vyote. Kabla ya hapo, tonado iliyovunja matawi na iliyofuta mtaa mzima ziliandikwa daftarini kama kitu kimoja. Fujita alizigawa kwa ngazi sita, F0 hadi F5, kwa kutazama uharibifu. Vigae vimetoka? Paa limeondoka? Kuta zimebaki? Nyumba imefagiliwa hadi msingi? Kwa kila ngazi alikadiria mwendo wa upepo.

Aprili 3 na 4, 1974 tonado 148 zilipiga majimbo 13 ya Marekani na kuua watu zaidi ya 300. Fujita na wenzake walizunguka kwa ndege ndogo juu ya maelfu ya kilomita, wakachora ramani ya njia ya kila moja. Ni katika safari hizo alipotazama chini kwenye msitu na kuiona tena nyota ya Nagasaki, yaani miti iliyolala kuelekea nje pande zote kutoka mahali pamoja. Tonado huzungusha, hailazi miti namna hiyo. Fujita akakumbuka mlima Seburi. Kitu kilikuwa kimeshuka kutoka juu.

Upepo unaoshuka

Juni 24, 1975 ndege aina ya Boeing 727 iliyotoka New Orleans ilianguka ikikaribia kutua New York wakati wa mvua ya radi. Watu 113 walikufa. Fujita alichambua kumbukumbu za ndege zilizotangulia na zilizofuata, akasema ndege ile ilikutana na mporomoko wa upepo. Hewa hushuka kutoka wingu la radi, hugonga ardhi na kutawanyika. Rubani hupata kwanza upepo wa mbele unaomwinua, kisha ghafla ule wa chini na wa nyuma unaomwangusha.

Wataalamu wengi walimpinga. Walisema hewa inayoshuka haiwezi kufika chini na nguvu kiasi hicho. Alifanya utafiti kwa rada jirani na Chicago mwaka 1978, kisha Denver mwaka 1982, na mporomoko ukaonekana tena na tena. Hata hivyo, ilibidi ndege nyingine ianguke Dallas, Agosti 2, 1985, na kuua watu zaidi ya 130, ndipo serikali ikalazimisha vifaa vya kugundua upepo huo katika ndege na rada maalumu kwenye viwanja. Tangu ajali ya Charlotte ya Julai 1994, hakuna ndege kubwa ya abiria iliyoangushwa Marekani na upepo wa aina hiyo.

Kwa sisi wa Maziwa Makuu, huu ndio ugunduzi wake unaotuhusu zaidi. Tonado kwetu ni nadra. Lakini ile dhoruba ya alasiri inayotangulia mvua, inayoinamisha migomba yote upande mmoja na kuezua shule na makanisa, mara nyingi ni hewa iliyoporomoka kutoka wingu la radi. Naamini ndiyo iliyolipiga ghala letu la Ulyankulu.

Ajabu ni kwamba Bwana Tonado mwenyewe hakuwahi kuiona tonado kwa macho yake hadi Juni 12, 1982, akiwa katika utafiti ule wa Denver. Alikuwa na umri wa miaka 61. Alifariki nyumbani kwake Chicago Novemba 19, 1998, akiwa na miaka 78.

Kosa lililofundisha

Kipimo cha Fujita kilikuwa na kasoro, na wahandisi waliiona mapema. Uharibifu hausemi habari za upepo peke yake, unasema pia habari za fundi. Nyumba iliyopigiliwa misumari miwili ikianguka, si lazima upepo uwe wa kutisha. Baada ya tonado ya Mei 11, 1970 katika mji wa Lubbock, Texas, iliyoua watu 26, wahandisi wa chuo kikuu cha huko walipita jengo kwa jengo na kukuta mengi yaliachana kwenye maungio: paa na ukuta, ukuta na msingi.

Kutokana na kazi ya namna hiyo, Februari 1, 2007 Marekani ilianza kutumia kipimo cha Fujita kilichoboreshwa. Sasa mkaguzi hutazama aina 28 za vitu, miongoni mwake nyumba za kuishi, shule, miti na maghala, na hupima pia ubora wa ujenzi. Ngazi ya juu kabisa, iliyodhaniwa kuanzia kilomita 419 kwa saa, ikashushwa hadi kilomita 322 hivi. Maana yake ni nzito. Nyumba zilikuwa zikifutwa na upepo mdogo kuliko ilivyodhaniwa, na kwa hiyo nyingi zingeweza kusimama kama zingefungwa vizuri.

Ghala ni jengo la hatari kuliko linavyoonekana. Ni pana, halina kuta za katikati, na lina milango mikubwa ya kupitishia mizigo. Upepo ukivunja mlango mmoja huingia ndani na kusukuma paa juu, huku ule wa nje ukilivuta. Maghala mengi ya kisasa ya Marekani hujengwa kwa kuta za zege zinazomwagwa zikiwa zimelazwa, kisha zikasimamishwa kwa kreni. Kuta hizo hutegemea paa lizishike. Paa likiondoka, zinaanguka nzima nzima, na zege la tani nyingi halimwachi aliye chini yake. Tonado ya Joplin, Missouri, ya Mei 22, 2011, iliyoua watu zaidi ya 150, iliangusha hivyo kuta za duka kubwa la vifaa vya ujenzi.

Usiku wa Desemba 10, 2021 ilikuwa zamu ya ghala la kampuni ya Amazon huko Edwardsville, jimbo la Illinois. Tonado ya ngazi ya tatu, yenye upepo wa kilomita 240 hivi kwa saa, ilivunja paa na kuta. Watu sita walikufa, baadhi yao madereva wa makampuni ya kukodiwa. Usiku huo huo watu tisa walikufa katika kiwanda cha mishumaa mjini Mayfield, Kentucky.

Onyo la Edwardsville lilitolewa dakika kadhaa kabla. Mahali pa kujikinga palipangwa upande wa kaskazini, na waliokufa walikuwa upande wa kusini. Idara ya serikali ya usalama kazini, ilipomaliza uchunguzi Aprili 2022, haikuitoza kampuni faini, kwa kuwa masharti ya chini ya sheria yalikuwa yametimizwa. Iliiandikia barua tu ya kuitaka ijirekebishe. Baadhi ya wafanyakazi hawakukumbuka mahali pa kujikinga, baadhi hawakuwahi kushiriki zoezi la tonado, na kipaza sauti cha mkononi kilikuwa kimefungiwa mahali pasipofikika.

Kuhusu majengo yenyewe, kitabu cha wahandisi wa Marekani cha kukadiria mizigo ya majengo, toleo la 2022, kiliweka kwa mara ya kwanza sura nzima ya tonado. Sura hiyo inahusu majengo kama hospitali, vituo vya zimamoto na shule kubwa. Ghala la kawaida halimo. Vyumba vya kujikinga vya kuhimili upepo wa kilomita 400 kwa saa vinajulikana namna ya kuvijenga, na kanuni za ujenzi zinavitaka katika shule mpya za maeneo yenye tonado kali, lakini si kwa mpakiaji mizigo wa zamu ya usiku. Kumbe hata katika nchi tajiri, sheria inaweza kumfikia mpagazi mwisho.

Kikao kijacho

Nimeyaandika haya si kwa kuwa natarajia tonado Nyanza-Lac. Fujita alitufundisha kwamba upepo hauchagui wa kumuua. Anayechagua ni yule aliyejenga, kwa kitu alichokifunga na kile alichokiacha bila kufunga, na kwa kuwaambia au kutowaambia watu wakimbilie wapi.

Katika kikao kijacho nitapeleka mambo matatu. La kwanza, nondo zirudi kwenye bajeti: zitoke kwenye lenta, zipande hadi kwenye kenchi, na papi zifungwe kwenye kenchi kwa mikanda ya bati, misumari peke yake haitoshi. Milango mikubwa nayo iwe na makomeo ya juu na chini. La pili, kijichumba cha mizani kijengwe ndani, mbali na ukuta mrefu, kiwe na nguzo nne za zege na dari ya zege, kiweze kuingiza watu wote wa zamu. La tatu halina gharama: kabla ya kila msimu wa mvua, filimbi ipigwe na kila mtu akimbilie chumbani humo, pamoja na vibarua wa siku moja na wanawake wanaochambua mahindi kibarazani.

Mweka hazina wetu ni mtu mwangalifu na ninamheshimu. Najua ataniuliza nondo hizo ni faranga ngapi, na nimekwishapiga hesabu: ni pungufu ya bei ya rangi tuliyopanga kupaka ukuta wa mbele. Akisema hapana, nitamwomba mimi naye tupite kwenye majengo ya jirani yaliyoezuliwa, tutazame juu, pale paa na ukuta vilipokutana. Na wewe msomaji unayefanya kazi ghalani, dukani au darasani, kesho ukifika kazini tazama pale pale, kisha uulize chumba kidogo kiko wapi.